Mafuta kwenye matangi ya upepo: tuanzie kompresa au tuanzie mvujo?

"Assalam aleikum fundi. Nina lori la matairi kumi nililolinunua likiwa limetumika. Dereva ni mdogo wangu; hupakia chumvi Gongoni na kuipeleka Nairobi kupitia Kaloleni na Mariakani. Tangu mwezi uliopita, kila akifungua vali za chini ya matangi ya upepo, hutoka maji meupe kama chai ya maziwa, na tangi la kwanza hutoa uji mweusi wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Jioni huliacha likiwa bar 8, asubuhi geji inasoma 3. Halafu barabarani draya, kile chombo cha kukausha upepo, inapiga 'psss' kila dakika moja hivi, hata akiwa amesimama tu kwenye kizuizi cha polisi mguu ukiwa juu ya breki. Nimeuliza mafundi watatu hapa Malindi. Wa kwanza kasema mafuta si kitu, yanalainisha vali. Wa pili kasema nitie spiriti au dizeli kidogo, mfumo utajisafisha. Wa tatu kasema ninunue kompresa mpya, la sivyo mafuta yatafika kwenye lainingi na breki ziteleze. Pesa ya kompresa sina kwa sasa. Je, gari liendelee na safari? Na mimi nianzie wapi?"

Waaleikum salaam dada yangu. Nianze na swali lako la safari, kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja. Lori hilo lisipite miteremko ya Kaloleni na mzigo wa chumvi mgongoni mpaka mlipime. Kipimo nitakachokueleza hapa chini huchukua kama nusu saa na hakihitaji mtambo wowote. Kinahitaji saa yenye sekunde, ndoo ya maji ya sabuni, vigingi vizito vya magurudumu na watu wawili wanaosikilizana. Likipita, mtakuwa na nafasi ya kutengeneza taratibu. Likishindwa, lilale pale pale lilipo, hata kama mzigo unasubiriwa.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona umepewa majibu matatu kuhusu mafuta, lakini hakuna hata fundi mmoja aliyekuuliza kuhusu ile "psss". Mimi ndiyo iliyonishtua zaidi. Mafuta na mvujo umevieleza kama magonjwa mawili, na katika breki za upepo mara nyingi huwa ni ugonjwa mmoja: upepo unavuja, kompresa inakosa kupumzika, inachemka, inatema mafuta. Ukimbadilisha mgonjwa bila kuziba tundu, kompresa mpya nayo itafuata njia ile ile.

Kompresa ndiyo pampu inayojaza upepo kwenye matangi, na ni kama injini ndogo iliyopachikwa ubavuni mwa injini kubwa. Ina pistoni yake, ina ringi zake, na hulainishwa kwa mafuta yale yale ya injini. Kwa hiyo mafuta kidogo sana hupita ringi na kuingia katika upepo hata kompresa ikiwa nzima. Utando mwembamba wa mafuta chini ya tangi haumshtui fundi yeyote mzoefu. Unachonieleza wewe ni kingine kabisa.

Sasa ongeza pwani yetu. Geji ikisoma bar 8, maana yake hewa ya kujaza karibu matangi tisa imebanwa ndani ya tangi moja. Hewa ya Malindi, hasa msimu wa masika na pepo za kusi zinapoleta unyevu wa bahari, imejaa mvuke. Ikibanwa na kisha ikapoa, mvuke ule hugeuka maji, kama jasho linalojitokeza juu ya chupa ya soda baridi. Kazi ya draya ni kuyanyonya maji hayo kabla hayajafika kwenye matangi. Ndani yake mna katriji yenye chembe ndogo za kukausha, na kila kompresa inapomaliza kujaza, draya hupuliza unyevu ule nje. Ndiyo "psss" mnayoisikia. Lakini chembe zile zikifunikwa na mafuta haziwezi tena kunyonya maji. Maji yanapita, yanakutana na mafuta, mfumo unatikisika barabarani siku nzima, na jioni mnakamua chai ya maziwa. Rangi hiyo inakwambia kwamba draya yako imeshakufa, na kilichoiua ni mafuta.

Ule uji mweusi una maana yake pia. Hewa inayotoka kwenye kompresa inayofanya kazi bila kupumzika huweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Kwenye joto hilo mafuta huungua na kuacha masizi magumu ndani ya paipu ya kutokea, ile inayotoka kichwani mwa kompresa kwenda kwenye draya. Masizi yakikua, tundu la paipu linabana. Likibana, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, joto linapanda, mafuta mengi zaidi yanaungua. Tangi la kwanza ndilo linalopokea uchafu huo wote, na ndiyo sababu weusi mmeukuta huko na si kwingine.

Turudi kwenye "psss", kwa kuwa hapa hesabu ndogo itakuokolea pesa. Draya hupuliza mara moja kila gavana, ile vali inayosimamia shinikizo, inapoiambia kompresa "pumzika", yaani shinikizo likifika juu, tuseme bar 8. Upepo ukitumika na kushuka kiasi cha bar 1 hivi, gavana huiamsha tena. Kwa hiyo draya ikipuliza kila dakika huku gari limesimama, karibu bar 1 inapotea kila dakika. Huo ni mvujo mkubwa mno. Linganisha na usiku: kutoka bar 8 hadi 3 ni bar 5, na tuseme kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni dakika 600. Haifiki hata bar 0.01 kwa dakika. Mvujo wa usiku, ingawa unakutia hofu kwa sababu unauona kwenye geji, ni mdogo.

Mbona usiku mdogo na mchana mkubwa? Kwa sababu gari linapolala, mdogo wako huvuta handibreki. Handibreki ya breki za upepo haifungi kwa upepo, hufunga kwa springi nzito iliyomo ndani ya busta za nyuma, yale makopo ya chuma yanayosukuma breki karibu na magurudumu. Upepo ndio unaoibana springi ile ili magurudumu yawe huru. Ukivuta handibreki unautoa upepo upande ule, springi inajiachia, gari linafungwa. Kwa hiyo usiku kucha mipira na mabomba ya upande wa springi huwa matupu, na ya upande wa pedali pia, kwani hakuna aliyekanyaga. Yanayobaki na upepo ni matangi na mabomba ya awali tu. Mchana kwenye kizuizi, handibreki imeachiwa na mguu uko juu ya breki, pande zote mbili zimejaa, na mvujo wako unajitokeza. Kwa hiyo ningekuwa hapo nawe ningeanzia kutafuta kwenye busta za nyuma, mabomba yake na vali ya relei (inayogawa upepo kwenye busta hizo pedali ikikanyagwa), kisha kwenye draya yenyewe. Sijaligusa gari lako, nasema tu ishara ulizonipa zinaelekeza huko.

Kabla ya kupima, niyaondoe yale matatu uliyoambiwa.

La kwanza, kwamba mafuta yanalainisha vali. Vali za breki hutoka kiwandani zikiwa na grisi yake maalumu, hazingojei mafuta ya injini. Mafuta yaliyoungua hugeuka gundi, yanaifanya vali iwe nzito kufunguka na nzito kurudi, na baadhi ya mipira huvimba au kulegea. Breki inayochelewa kuachia humchemshia dereva drami bila yeye kujua. Breki inayochelewa kushika, hiyo haina haja nikueleze.

La pili ndilo lililonikasirisha. Tafadhali, dizeli isiingie kwenye mfumo huo, wala mafuta ya taa. Huharibu mipira, na mvuke wake ukikutana na joto la kompresa unaweza kuwaka. Spiriti ina asili yake: kwenye nchi za barafu madereva huitumia maji ya ndani ya mabomba yasigande. Malindi hakuna kinachoganda. Nyinyi mnatafuta maji na mafuta yatoke, na spiriti haitoi chochote; inakausha mipira na kusukuma uchafu ule mbele, kutoka kwenye tangi hadi kwenye vali ya mguu, mahali ambapo kuutoa ni kazi mara kumi.

La tatu lina nusu ya ukweli. Kompresa huenda kweli imechoka. Lakini mafuta ya kompresa hayafiki kwenye lainingi. Upepo huishia ndani ya busta, unausukuma mpira, mpira unasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono wa breki. Busta na drami hazina njia ya kupitisha mafuta kati yake. Ukikuta lainingi imelowa mafuta, tazama sili ya habu iliyokatika au grisi iliyojazwa kupita kiasi, na lainingi iliyolowa hubadilishwa. Kuiosha kwa petroli na kuirudisha ni kujidanganya, mafuta yameshaingia ndani yake na joto litayatoa tena.

Sasa kipimo. Wekeni lori mahali tambarare, likiwa tupu ikiwezekana, na mzuie magurudumu mbele na nyuma. Vigingi kwanza, ndipo mguse handibreki. Washeni injini mpaka draya ipulize, geji zikiwa zimefika juu. Malori mengi ya zamani hufika bar 8 hivi, karibu psi 120 (psi ni kipimo kingine cha shinikizo), mapya mengine hupita bar 10. Chukua namba ya gari lako. Zimeni injini, achieni handibreki, ngojeni sindano itulie, kisha hesabuni dakika moja kamili bila mtu kugusa kitu. Lori lisilo na trela halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika, yaani bar 0.14. Kwenye geji ya bar kiasi hicho ni kidogo kiasi kwamba ukiiona sindano ikitembea waziwazi, jibu umeshalipata. Halafu mdogo wako akanyage breki hadi mwisho na aishikilie. Sindano itashuka mara moja kwa kuwa upepo umeingia kwenye busta, hilo ni sawa. Ikitulia, hesabuni dakika nyingine. Hapa kikomo ni psi 3, bar 0.2. Ikiwa kuna trela, vikomo ni psi 3 na psi 4. Vipimo hivi ndivyo wanavyotahiniwa navyo madereva wa malori kule Marekani, na mimi nimevishika kwa sababu ni vikali na ni rahisi kukumbuka.

Angalieni pia ni sindano gani inayoshuka. Malori mengi yana mbili, moja ya breki za mbele na moja za nyuma. Ikishuka moja peke yake mmeshapunguza eneo la kutafuta kwa nusu.

Kabla hamjaondoka hapo, bado injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa umewashwa, mdogo wako akanyage na kuachia pedali mara nyingi kuteremsha upepo. Taa au king'ora cha onyo lazima kije kabla shinikizo halijashuka chini ya psi 60, yaani kama bar 4. Akiendelea, kati ya psi 45 na 20 handibreki inapaswa kujifunga yenyewe. Onyo lisipolia, dereva hana wa kumwamsha siku mambo yakiharibika mteremkoni. Nimeona malori ambayo waya wake ulikatwa makusudi kwa sababu kelele ilikuwa inamsumbua dereva. Kama lako ni mojawapo, unganisheni waya huo leo.

Kutafuta mvujo ni kazi ya masikio kwanza, sabuni baadaye. Zimeni injini, zimeni redio, mpite mkitega sikio. Kisha chukueni brashi na maji ya sabuni yenye povu zito, mpake kila kiungo: nati za mabomba, mipira inayopinda pinda juu ya ekseli, mishono ya matangi, mdomo wa chini wa draya, tundu za kutolea upepo za vali ya mguu na ya relei. Kwenye mabomba ya malori ya Gongoni mimi huangalia sana mahali paipu inapokaza kwenye bano la chasi. Chumvi hulala pale na unyevu, nje inaonekana kutu kidogo tu, ndani paipu imebaki nyembamba kama karatasi. Aliye chini ya gari aweke vidole mbali na fimbo za busta, na asiwepo chini mtu yeyote wakati pedali au handibreki inaguswa bila kuitana kwanza kwa sauti.

Hapa pana kosa moja ambalo nimeliona likila pesa za watu. Handibreki ikiwa imeachiwa na pedali haijaguswa, unasikia upepo ukitoka kwenye tundu la chini la vali ya relei. Fundi anasema relei imekufa, mnanunua nyingine, na mvujo uko pale pale. Fanya hivi: vuta handibreki. Upepo ukikoma kutoka, mara nyingi relei haina kosa. Ndani ya busta ya nyuma kuna vyumba viwili, cha springi na cha pedali, na sili iliyo kati yake imekwisha. Upepo wa springi unapenya upande wa pedali, unarudi kwenye bomba na kutokea kwenye relei kwa kuwa ndiyo njia iliyo wazi. Relei inalia kwa niaba ya busta. Kwa dalili ulizonieleza, hili ndilo la kwanza ningelijaribu. Lakini ukisikia upepo unatoka kwenye vitundu vya busta yenyewe pindi pedali inapokanyagwa, huo ni mpira wa busta umepasuka.

Na draya ichunguzwe pia: baada ya "psss" inapaswa kunyamaza. Ikiendelea kuvuja mdomoni, vali yake ya kupulizia imekwama kwa uchafu, au vali ya kuzuia upepo usirudi kutoka matangini imechoka. Hiyo nayo huweza kuifanya kompresa iamke kila dakika, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa.

Busta ya springi, dada yangu, asiifungue mtu asiye na boliti yake ya kuifungia na asiyejua kuitumia. Springi iliyomo ndani imebanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na nyingine zaidi. Ukanda unaozishika nusu mbili za busta ukilegezwa ovyo, kifuniko huruka. Watu wamekufa hivyo. Busta ikiwa na hitilafu upande wa springi hubadilishwa nzima, haipigwi nyundo.

Mivujo ikishazibwa, ndipo tuitazame kompresa, na tuanze na vinavyoifanya iteme mafuta hata ikiwa haina kosa. Kichujio cha hewa kiangaliwe kwanza: kompresa nyingi huvuta hewa yake kupitia kichujio kile kile cha injini, na vumbi la njia za viwanda vya chumvi hukiziba upesi. Kompresa ikikosa hewa ya kuvuta, pistoni ikishuka huacha ombwe juu yake, na ombwe lile hupandisha mafuta kupita kwenye ringi. Mafuta ya injini yapimwe kwa kijiti. Yakizidi alama ya juu ni tatizo. Bomba la kupumulia la injini lisiwe limeziba, na njia inayorudisha mafuta kutoka kompresa kwenda kwenye injini iwe wazi. Kama kichwa cha kompresa kinapozwa kwa maji, mabomba yake yawe yanapitisha maji, si yamefungwa kwa kipande cha bolti kama nilivyokuta zaidi ya mara moja.

Kisha fungueni ile paipu ya kutokea, gari likiwa limepoa na upepo wote umeshatolewa. Tia kidole. Utando wa masizi unaofutika kwa kitambaa si neno. Ukikuta ganda gumu linalokwaruza ukucha, paipu inabadilishwa. Msiizibue kwa waya, vipande vitakwenda kukwama kwenye draya. Na iwekwe paipu ya chuma au shaba yenye urefu ule ule wa awali, maana urefu ndio unaoipoza hewa kabla haijafika kwenye draya.

Naeleza hili la paipu kwa uchungu. Miaka iliyopita nililetewa lori la mawe ya kuchonga ambalo lilikuwa limefungwa kompresa mpya miezi miwili tu kabla, na tayari lilikuwa linatoa mafuta. Mwenyewe alikuwa ameuza mbuzi kulipia kompresa ile. Nikafuata paipu kwa mkono, nikakuta fundi aliyetangulia alikata ile ya chuma akaunga mpira mfupi, umepita njia ya mkato kwenda kwenye draya. Ndani ya kipande cha chuma kilichobaki tundu lilikuwa limebaki la kupitisha penseli. Kompresa haikuwa na kosa lolote. Tulibadilisha paipu, tukaweka katriji mpya, tukaziba mvujo kwenye busta mbili, na kompresa ile ile ikaendelea na kazi.

Baada ya kutengeneza, mfumo lazima usafishwe, na usafi wenyewe ni wa mikono. Matangi yafunguliwe yateremshwe, yaoshwe kwa maji moto na sabuni, yasuuzwe, yakaushwe kabisa juani. Yakiwa chini, yakaguliwe chini ya mikanda ambako kutu hujificha. Tangi lililotoboka halichomelewi. Najua jirani ana mashine ya kuchomelea na atakwambia ni kazi ya dakika tano, lakini tangi la upepo ni chombo cha shinikizo, na kiraka kikiachia kinaachia kwa kishindo. Nunueni jingine. Mabomba yapulizwe kwa upepo mkavu yakiwa yamefunguliwa pande zote mbili. Katriji ya draya ibadilishwe mwisho, baada ya kompresa na paipu, la sivyo mtaichafua mpya siku ya kwanza. Vali ambazo mipira yake imevimba zifungwe mipira mipya au zibadilishwe.

Je, mtajuaje kama kompresa yenyewe imekwisha? Hapa mvujo umezibwa, kichujio ni kipya, paipu safi. Kameni matangi yote mpaka yawe makavu, gari lifanye kazi wiki moja, halafu mkame tena juu ya kadibodi nyeupe. Vali ifunguliwe kidogo kidogo, aliyeifungua akae kando, asiinamie. Yakitoka maji matone machache na alama ya mafuta yenye ukubwa wa sarafu, endeleeni na kazi. Yakitoka maji safi mengi bila mafuta, draya haifanyi kazi. Mafuta meusi yakitapakaa tena kadibodi nzima, ringi zimekwisha, na hapo fundi wako wa tatu atakuwa amesema kweli. Jaribuni pia kasi ya kujaza: injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, upepo upande kutoka psi 85 hadi 100, yaani karibu bar 6 hadi 7, ndani ya sekunde 45. Ikichukua zaidi sana na mvujo hakuna, kompresa imechoka.

Kwa upande wa pesa, naona njia mbili za kweli. Kukarabati kompresa kwa ringi, vali na gasketi ni nafuu, lakini kunafaa tu ikiwa silinda haijachanika na fundi anaipima kwa chombo, si kwa jicho. Kompresa iliyotumika, ya kutoka kwenye gari lililovunjwa, mimi sikushauri. Hujui ilichemka mara ngapi, na utalipa gharama ya kuifunga mara mbili. Ukilazimika kuchagua cha kulipia mwezi huu, lipa busta inayovuja, paipu na katriji. Kompresa inaweza kungoja wiki ile ya majaribio, busta haiwezi.

Kazi ya sabuni na saa mnaiweza wenyewe. Lakini mwiteni fundi wa breki za malori aje mahali lori lilipo, asiwe wa gari ndogo, mkiona lolote kati ya haya: kipimo cha dakika kimeshindwa na hamkupata mvujo; mvujo uko kwenye busta ya springi au vali ya mguu; shinikizo halifiki juu; onyo halilii; au breki zinachelewa kuachia. Kama Malindi hamkumpata mwenye zana, ni afadhali kumlipia nauli fundi wa Mombasa aje kuliko kuliendesha gari kilomita 120 kumfuata. Akija, mwambie akuonyeshe mvujo kwa povu kabla hajafungua spana, na spea ya zamani akuachie mkononi. Na msingoje ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, uwagundulie hitilafu.

Mdogo wako naye umwambie hivi, kwa upole lakini kwa uzito: onyo la upepo likilia njiani hakuna kusema "nifike kwanza kituoni". Anaacha barabara mapema, akiwa bado ana upepo wa kusimamia anapopataka yeye, kabla springi hazijamsimamisha zinapotaka zenyewe. Akifika mteremkoni, gia iwe imeshateremshwa kule juu kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Na matangi ayakame kila jioni, hata draya ikiwa mpya, kwa kuanzia na lile la kwanza.

Mkishapima, niandikie mambo matatu: sindano imeshuka kiasi gani kwa dakika bila kukanyaga, imeshuka kiasi gani pedali ikiwa imeshikiliwa, na ule upepo wa relei ulikoma au haukukoma mlipovuta handibreki. Nitakujibu siku hiyo hiyo, inshallah, na nitakwambia tufungue nini kwanza.